Dawa ya meno nayo ni dawa



Leo hatuandiki juu ya mpaka wala juu ya karatasi. Tunaandika juu ya kitu chenye unene wa milimita 2 hivi, ambacho kila mmoja wetu alivuka nacho bila kukifunga kwenye mzigo. Ni enameli, lile ganda la nje la jino. Neno letu ni moja tu. Nyumba ikiungua inaweza kujengwa tena. Diplome ikipotea unaweza kuomba nakala, hata kama itachukua miaka. Enameli ikiisha haioti tena. Na kwa sababu haioti tena, sisi tunaona mswaki na dawa ya meno havifai kuhesabiwa pamoja na vitu vya urembo, eti vitakuja baadaye mambo yakitulia. Vihesabiwe pamoja na dawa.

Tunajua kuko watakaocheka. Watu wanatafuta shitingi na unga, nyinyi mnaleta habari ya meno? Subirini kidogo, someni mpaka mwisho.

Kwanza tujue tunazungumza juu ya nini. Sehemu ya jino inayong'aa, ile tunayoiona mtu akicheka, ndiyo enameli. Chini yake kuko dentini, laini zaidi na yenye rangi ya njano kidogo. Ndani kabisa kuko chumba cha mishipa ya damu na neva, na hapo ndipo maumivu yanakaa. Enameli ni kitu kigumu kuliko vyote kwenye mwili wa mtu, inashinda hata mfupa. Ukiipima kwa uzito, karibu asilimia 96 ni madini, na yanayobaki ni maji na protini kidogo. Madini hayo ni ya kalsiamu na fosfeti, yanaitwa haidroksiapatiti. Yamepangwa kama vijiti vyembamba sana, mamilioni kwa mamilioni, vimebanana kutoka kwenye dentini hadi nje. Juu ya magego, pale tunapotafunia, unene unaweza kupita milimita 2. Karibu na ufizi inazidi kuwa nyembamba mpaka inaisha.

Sasa sikia jambo lenyewe. Vijiti hivyo vilijengwa na seli zinazoitwa ameloblasti, wakati jino likiwa bado limejificha ndani ya taya. Jino linapotokeza kinywani, seli hizo zimekwisha kupotea. Ni kama mafundi waliomaliza nyumba, wakabeba vifaa vyao wakaondoka, na hakuna mwenye namba yao ya simu. Mfupa ukivunjika unaunga. Ngozi ikikatwa inafunga. Enameli ikitoboka, hakuna fundi wa kurudi.

Tena enameli haina neva. Ndiyo maana jino linaweza kuoza miezi mingi bila kukuambia kitu. Siku unapoanza kusikia maji baridi yanachoma, uozo umekwisha kupita kwenye enameli na umefika kwenye dentini. Siku unapokosa usingizi, umefika kwenye neva. Kwa hiyo anayesema "nitaenda likianza kuuma" anangoja kengele inayolia nyumba ikiwa imekwisha kuungua nusu.

Wazee wetu wanasema kuko mdudu anayekula jino. Hawakukosea sana. Wadudu wapo, ila hawaonekani kwa macho: ni bakteria wanaokaa kwenye ule utando laini unaoshika meno. Wewe ukila sukari, nao wanakula. Wakila, wanatoa asidi. Asidi ikizidi kiasi fulani, yaani pH ikishuka chini ya 5.5 hivi, madini yanaanza kutoka kwenye enameli. Baadaye mate yanatuliza ile asidi na kurudisha kalsiamu na fosfeti kwenye jino. Ni kama daftari la madeni kwenye duka la mtaani: asidi inakopa, mate yanalipa. Ukikopa mara tatu kwa siku ukaacha nafasi ya kulipa, daftari linakaa sawa. Lakini kila unapoonja kitu cha sukari, inaweza kuchukua nusu saa mpaka saa nzima kabla hali ya kinywa haijarudi vizuri. Mtu anayekunywa Fanta moja kidogo kidogo kuanzia asubuhi mpaka mchana, huyo anakopa bila kulipa.

Tazama basi maisha ya mtu aliyetoroka. Vita vilipofika Bukavu Februari 2025, na vilipofika upande wa Kamanyola na Uvira Desemba 2025, watu walivuka kuja huku, kwa Rusizi na kwa Bugarama, na wengine wakapokelewa Nyarushishi. Nani katika kukimbia anakumbuka mswaki? Unabeba mtoto, unabeba godoro kama una bahati. Halafu zinafuata siku za kungoja: chai yenye sukari, biskuti, uji wa sosoma uliotiwa sukari ili mtoto akubali kula. Hatulaumu uji, uji umeokoa watoto. Ila sukari inakuja mara nyingi, maji ni ya foleni, na mswaki hakuna, au kuko mmoja kwa familia nzima. Daftari la madeni linajaa taratibu, kimya kimya.

Hapo ndipo floraidi inaingia. Dalili ya kwanza ya kuoza si tundu, ni doa jeupe lisilong'aa, mara nyingi karibu na ufizi. Wakati huo madini yametoka lakini ukuta bado umesimama, na jino linaweza kurudishwa. Floraidi iliyo kwenye dawa ya meno inasaidia madini kurudi, na inapoingia kwenye enameli inaifanya iwe ngumu kuyeyushwa na asidi kuliko mwanzo. Tundu likishafunguka, nafasi hiyo imepita. Kwa hiyo kipande kidogo cha dawa ya meno cha leo kinafanya kazi ambayo hospitali haitaweza kuifanya mwaka ujao. Wazee walisema asiyeziba ufa hujenga ukuta. Kwenye jino ni mbaya zaidi, juu ukuta wenyewe haujengeki.

Na si sisi vijana tu tunaosema ni dawa. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliweka sehemu ya meno kwenye orodha yake ya dawa muhimu, ile orodha ambayo nchi na mashirika yanaitazama yakipanga dawa za kununua. Ndani yake kuko dawa ya meno yenye floraidi, kuko simenti ya kuziba meno inayoitwa glasi ayonoma, na kuko dawa ya maji yenye fedha na floraidi, ambayo inapakwa kwenye jino lililooza ili uozo usimame. Hiyo ya mwisho inaacha alama nyeusi, lakini haihitaji sindano wala mashine. Ripoti ya shirika hilohilo ya mwaka 2022 inasema karibu watu bilioni 3.5 duniani wana magonjwa ya kinywa. Basi jambo hili si la watu wachache wenye kudeka.

Kitu kingine kinachoonyesha kwamba floraidi ni dawa: iko na kipimo. Kati yetu kuko waliokulia upande wa Goma na Sake, na wengine wao wana meno yenye madoa ya kahawia au mabaka meupe. Wamechekwa sana, eti hawapigi mswaki. Tunaomba hilo liishe. Moshi wa volkeno ya Nyiragongo unabeba floraidi, mvua inaishusha, na familia nyingi kule zinakunywa maji ya mvua. Mtoto akipata floraidi nyingi wakati enameli yake bado inajengwa, yaani miaka ya kwanza 8 hivi, enameli inatoka na madoa, na ikizidi sana inatoka dhaifu yenye vishimo. Ni jambo linalojulikana pia Tanzania, kwenye vijiji vya Arusha na mlima Meru. Madoa hayo si uchafu na hayatoki kwa kusugua. Anayesugua kwa mchanga au kwa makaa ili yatoke anamaliza enameli nzuri aliyobaki nayo. Kwa hiyo kidogo kinajenga, kingi kinaharibu, kama dawa yoyote. Mtoto wa chini ya miaka 3 anatosha na kiasi cha punje ya mchele, na wa miaka 3 hadi 6 kiasi cha punje ya njegere. Mzazi amsimamie ateme, asimeze.

Sasa turudi kwa wanaosema pesa ni kidogo. Ndiyo, tunajua ni kidogo, tunaona misaada inavyopunguzwa. Lakini tuhesabu pamoja. Jino lisilotunzwa linaishia wapi? Linaishia kwenye jipu. Uso unavimba, mtoto hali chakula, haendi shule. Usaha ukishuka upande wa shingo unaweza kumuua mtu, hilo si hadithi. Kisha inatafutwa rufaa kwenda hospitali ya wilaya, na hapa kwetu ni Gihundwe au Mibilizi, inatafutwa gari, inatafutwa mtu wa kubaki na watoto. Yote hayo kwa jambo ambalo mswaki na boksi moja la dawa vingelizuia. Anayesema hana pesa ya mswaki atalipa gari la rufaa.

Na mwisho wa safari hiyo mara nyingi ni kung'oa. Kwenye vituo na kambi ambazo wenzetu wamepita, wengi wanasimulia kitu kilekile: ukifika na jino, unapewa dawa ya maumivu, ukirudi mara ya pili linang'olewa. Kuna jino ambalo lazima litoke, hatubishi. Lakini kijana wa miaka 19 aliyeng'olewa magego manne anatafunia upande mmoja maisha yake yote. Aliyeng'olewa la mbele anafunika mdomo akiongea, na anaogopa kwenda kuomba kazi ya dukani. Jino la pembe si dawa ya pengo, na sisi hata hilo la pembe hatuna.

Tena njia ya katikati ipo, na imezaliwa hapa kwetu Afrika Mashariki. Katikati ya miaka ya 1980, Dar es Salaam, daktari wa meno Jo Frencken na wenzake walianza kuziba meno kwa vifaa vya mkono tu. Unakwangua sehemu laini iliyooza kwa kijiko kidogo cha chuma, halafu unajaza glasi ayonoma. Hakuna umeme, hakuna mashine ya kutoboa, na mara nyingi hakuna sindano. Simenti hiyo, si ile ya Bugarama jamani, inashika yenyewe kwenye jino na inatoa floraidi kidogo kidogo. Njia hiyo leo inatumika nchi nyingi duniani. Na Kigoma, kwenye kambi za Mtabila na Nyarugusu zilizopokea Warundi na Wakongomani, wahudumu wa afya wa kambini walifundishwa huduma ya msingi ya meno. Kwa hiyo mtu asituambie kambini haiwezekani.

Kuko mambo mawili ya watoto ambayo hatutaki kuyapita.

La kwanza ni gego la miaka 6. Mtoto akifika umri huo, nyuma ya meno yote ya utoto linatoka gego jipya bila lingine kung'oka. Wazazi wengi wanadhani ni la utoto, wanasema liache lioze, litaanguka. Halianguki. Ni la kudumu, na lina vishimo vingi juu ambavyo chakula kinabana. Ukiwa na mdogo wako wa miaka 6 au 7, mfungue mdomo leo, ulitafute hilo gego, umfundishe kulisugua.

La pili ni gumu zaidi, nalo ni ibyinyo. Mtoto mchanga akiwa na homa au kuhara, ufizi ukionekana umevimba upande wa chonge, watu wanasema ni meno mabaya. Anaitwa mtu wa kuyatoa, na anachimba ufizi kwa kisu au kwa spoki ya baiskeli. Tanzania wanaita meno ya plastiki, na Uganda desturi hiyo ipo pia. Mama zetu na koko zetu hawafanyi hivyo kwa ubaya, wanafanya kwa kuogopa kumpoteza mtoto. Lakini kile kinachotolewa, cheupe na laini, si mdudu. Ni jino la utoto ambalo bado linajengwa, na uvimbe ni chonge inayojitayarisha kutoka. Homa ilikuwa ya malaria au ya kitu kingine, na kuhara kunataka maji ya chumvi na sukari na zahanati. Kwa kuchimba hivyo mtoto anaweza kupata pepopunda, anaweza kupoteza damu nyingi, anaweza kufa. Akipona, kuko jeraha lingine linaloonekana miaka mingi baadaye: chini ya jino lile la utoto, chonge ya kudumu nayo imeanza kujengwa enameli yake, na chuma kilifika mpaka pale. Inakuja kutoka ikiwa na vishimo, au imepinda, au haitoki kabisa.

Ndiyo maana tunasema enameli ni kama kitabu. Inaandikwa utotoni, na homa kali au njaa kali inaweza kuacha mstari au kishimo humo. Kitabu hicho hakifutwi. Wengi wetu tunabeba mdomoni mwaka fulani wa vita ambao hata hatuukumbuki. Ya zamani hatuwezi kuyabadilisha, lakini kurasa za wadogo zetu bado zinaandikwa sasa hivi, hapa, kwenye haya maisha ya kungoja.

Kwa hiyo, ndugu zetu wa mashirika, tunaomba vitu vitatu. Mkipanga vifaa vya familia mpya, wekeni mswaki kwa kila mtu, si kwa kila familia, na dawa ya meno yenye floraidi. Na isiwe mara moja tu siku ya kufika, iongezwe kama sabuni inavyoongezwa. Pili, mtu akipimwa anapoingia, muhudumu amwambie afungue mdomo. Ni dakika moja, na mama mwenye mtoto mchanga aelezwe habari ya ibyinyo kwa heshima, kwa lugha yake, na mtu anayemwamini. Tatu, wafundisheni baadhi yetu. Vijana tuko wengi, tunajua Kiswahili, Mashi, Kifulero, Kinyarwanda, Kirundi. Mwenye cheti cha uuguzi afundishwe kuziba kwa vifaa vya mkono, asiye nacho afundishwe kufundisha wengine.

Nasi vijana tuna sehemu yetu, tusingoje gari la msaada. Piga mswaki mara mbili kwa siku, na usiku kabla ya kulala ndiyo usikose kabisa, juu usiku mate yanapungua. Ukimaliza tema povu, usisukutue kwa maji mengi, acha floraidi ibaki inafanya kazi. Ukinunua dawa sokoni Kamembe, geuza boksi utafute neno linaloanza na "fluor" na namba kati ya 1000 na 1500 ppm. Bei kubwa si lazima, neno hilo ndilo lazima. Ukikosa mswaki, kijiti kinaondoa uchafu, ila hakikupi floraidi ya kutosha. Majivu na mchanga acha. Sukari ukiitaka, ile pamoja na chakula, ukimaliza umemaliza. Na chupa ya Primus ina kifunguzi chake, meno si kifunguzi: enameli ni ngumu lakini inapasuka kama sahani. Mswaki wako usimwazime mtu, hata rafiki wa moyo.

Mtu akikuuliza kwa nini mkimbizi anadai dawa ya meno, mjibu hivi: vitu vingi tulivyoacha ng'ambo ya Rusizi tunaweza kuvitafuta tena tukirudi. Hiki hakirudi, ndiyo maana tunakiomba sasa.